Hati ya CentOS ilikuwa kwa nani?

Kuna seva za CentOS 7, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, zinazofanya kazi hapa mjini hadi leo, na sitasema ni za nani. Moja inabeba mfumo wa mikopo wa saccos. Nyingine inatoa majibu ya maabara kwenye hospitali ya binafsi. Hazijazimwa muda mrefu na wenyewe wanajivunia hilo, ila msaada wa CentOS 7 ulikwisha tarehe 30 Juni 2024. Tangu hapo hakuna kiraka cha usalama kinachokuja, na hata ile anwani ambayo `yum`, programu ya kusasisha mfumo, ilikuwa ikiiuliza vifurushi viko wapi, mirrorlist.centos.org, iliondolewa. Ukiandika `yum update` unajibiwa kwamba jina halipatikani. Vijana wengi wa IT waliujua mwisho wa CentOS kupitia kosa hilo. Tangazo lenyewe hawakuliona.

Swali linalofuata huwa lilelile: "Kaka, sasa tuhamie wapi?" Anayeuliza anataka jina moja, akalipakue usiku bando likiwa rahisi, kesho aanze kazi. Mimi huwa namuuliza kwanza: huo mfumo unaoufikiria, nani anaweza kuufuta? Wengine huona nakwepa swali. Lakini kwa watu wanaotaka seva ikae miaka saba au minane bila kuguswa, kwangu hilo ndilo swali lenye uzito kuliko kasi, kuliko sura, na hata kuliko ubora wa programu zilizomo.

Tuanzie mbali kidogo. Red Hat, kampuni ya Marekani, ilikuwa na mfumo endeshi wa bure ulioitwa Red Hat Linux. Mwaka 2003 ikatoa toleo la 9 na kuufunga ukurasa huo. Waliotaka mfumo wa kazi nzito za ofisi wakaelekezwa kwenye Red Hat Enterprise Linux, yaani RHEL, unaolipiwa usajili kila mwaka kwa kila seva, kwa dola. Waliotaka vitu vipya vya bure wakapewa Fedora, ambayo hubadilika haraka mno kwa mtu anayetunza daftari la wateja. Katikati pakabaki watu wengi: vyuo, ofisi ndogo, kampuni za kuhifadhi tovuti. Walitaka utulivu wa RHEL lakini bajeti yao haikuwa na mstari wa usajili.

Mlango ulibaki wazi upande mmoja. Sehemu kubwa ya RHEL imejengwa kwa programu zenye leseni ya GPL, inayomtaka anayekupa programu akupe pia msimbo chanzo wake, yaani maandishi ambayo programu hujengwa kutokana nayo, na Red Hat walikuwa wakiuweka msimbo huo hadharani kwa kila mtu. Mwenye ujuzi na mashine za kutosha angeweza kuuchukua, kuondoa jina na nembo za Red Hat, kuujenga upya, kisha kuutoa kwa jina lake. Wengi walifanya hivyo. Palikuwa na White Box, palikuwa na Tao, na maabara za fizikia za Fermilab na CERN zilikuwa na Scientific Linux. CentOS ilitoka mwaka 2004, ikiwa imezaliwa ndani ya mradi wa cAos wa Gregory Kurtzer, na baada ya miaka michache ikawa ndiyo inayotajwa na wote.

Kwetu iliingia kwa njia mbili. Kampuni za kuhifadhi tovuti zilizotumia cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, zilikuwa juu ya CentOS karibu kwa lazima. Na madarasa ya Linux ya mjini yalifuata mitihani ya Red Hat, kwa hiyo mwanafunzi alifanyia mazoezi CentOS kwenye kompyuta yake, akaenda kufanya mtihani kwenye RHEL, na alipoajiriwa akaweka CentOS kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Hakuna aliyekaa kikaoni kuamua hivyo.

Asiyefanya kazi hii huona seva yenye programu za zamani akadhani mhusika ni mvivu. Kumbe mfumo wa aina hii kazi yake hasa ni kutobadilika. Toleo la programu uliloliweka siku ya kwanza kwa sehemu kubwa ndilo utakalokuwa nalo kwa miaka kumi, na kinachoongezwa zaidi ni viraka. Aprili 2014 ulipotangazwa udhaifu wa Heartbleed kwenye OpenSSL, programu ya usimbaji inayolinda mawasiliano, dunia nzima iliambiwa ihamie toleo la 1.0.1g. CentOS 6.5 ilikuwa na 1.0.1e. Red Hat hawakuleta 1.0.1g. Walichukua ile mistari michache ya marekebisho, wakaishonea kwenye 1.0.1e ileile, wakabadilisha namba ya mwisho ya kifurushi, na CentOS wakafuata. Programu zote zilizoitegemea OpenSSL hiyo ziliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. CentOS 5 haikuguswa kabisa, kwa sababu OpenSSL yake ya 0.9.8 ilitangulia kuzaliwa kabla kosa lenyewe halijaandikwa.

Hapa ndipo tunapogombana na wakaguzi. Mkaguzi wa mifumo anakuja na ripoti ya programu ya kuskani, kurasa nyekundu tupu, kila mstari ukisema toleo lako limepitwa na wakati. Programu hiyo imesoma namba, haikusoma kiraka. Unamwonyesha `rpm -q --changelog openssl | grep CVE-2014-0160`, mstari unatokea, anautazama. Mmoja aliwahi kuniambia ameelewa vizuri sana, tatizo ni kwamba fomu yake haina kisanduku cha kuandika hivyo.

Faida ya kuchelewa ilionekana tena tarehe 29 Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alishangaa kwa nini kuingia kwa SSH, njia ya kuendesha seva ukiwa mbali, kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Akachimba. Akakuta mtu aliyejiita Jia Tan amepandikiza mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mtu huyo alikuwa ameutumikia mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Matoleo hayo mawili yalikuwa yameshaingia kwenye toleo la majaribio la Debian, mfumo mwingine wa Linux, na kwenye Fedora inayoandaliwa. Debian iliyotulia haikuwa nayo, RHEL haikuwa nayo, na warithi wa CentOS hawakuwa nayo. Hakuna mlinzi aliyewazuia mlangoni. Ni kwamba zamu ya xz mpya ilikuwa haijafika.

Hoja hii ina mpaka wake. Tarehe 1 Julai 2024, siku moja tu baada ya CentOS 7 kukata roho, ilitangazwa kasoro kubwa ya OpenSSH iliyobatizwa regreSSHion. Ilikuwa imeingia kuanzia toleo la 8.5, na CentOS 7 ilikuwa na 7.4, kwa hiyo ikapona. Jamaa zangu wa CentOS 7 walishangilia. Walinitumia habari hiyo kama ushahidi kwamba hakuna haja ya kuhama. Siku hiyo waliponea bahati. Mfumo wa zamani unaopokea viraka na mfumo wa zamani ulioachwa vinafanana kwa namba za matoleo, na hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Sasa turudi kwenye swali la nani anashika nini.

Julai 2009, watengenezaji wa CentOS waliweka barua ya wazi kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti yao wenyewe. Waliielekeza kwa Lance Davis, mmoja wa watu wa mwanzo wa mradi. Alikuwa hapatikani. Jina la centos.org lilikuwa mikononi mwake. Akaunti ya PayPal na ile ya matangazo ya Google, zilizokuwa zikiingiza fedha kwa jina la mradi, zilikuwa mikononi mwake. Wenzake walimkumbusha kwamba ameahidi kwa muda mrefu kutoa hesabu na hajatoa. Fikiria mabenki, vyuo vikuu na kampuni za simu duniani zimekaa juu ya mfumo huo, na mustakabali wake unamtegemea mtu mmoja asiyepokea simu. Siku chache baadaye akajitokeza, wakakaa, mambo yakakabidhiwa. Wengi wetu tulisoma, tukacheka, tukaendelea na kazi.

Kisha ukaja mwaka 2011. RHEL 6 ilikuwa imetoka Novemba 2010. CentOS 6.0 ilitoka Julai 2011, miezi minane baadaye. Kazi ya kujenga upya ilikuwa ya watu wachache waliojitolea, wenye ajira zao mchana, na namna walivyokuwa wakiijenga haikuwa wazi kiasi cha mtu wa nje kusogea na kusaidia. Watu walilalamika kana kwamba wamelipa. Sikuwaunga mkono wakati ule, na hata sasa siwaungi.

Kwa hiyo Januari 2014, Red Hat walipotangaza kwamba CentOS inaingia chini yao na baadhi ya watu wake wa msingi wanaajiriwa, ilionekana kama neema. Mishahara ipo, mashine zipo, hakuna tena kungoja miezi minane. Kilichopita kimyakimya ni kwamba alama ya biashara, lile jina lenyewe la CentOS, ilikwenda nao. Ni sawa na ukoo uliojenga nyumba nzuri kwa michango, kisha hati ya kiwanja ikaandikwa jina la mfanyabiashara wa mtaani kwa kuwa ndiye anayelipia umeme. Miaka mingi mtalala humo vizuri tu.

Oktoba 2018 IBM ikatangaza kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34, na Julai 2019 ununuzi ukakamilika. CentOS 8 ilitoka Septemba 2019 na watu wakaipanga kwenye ratiba zao hadi 2029, kama ilivyotarajiwa. Tarehe 8 Desemba 2020 likaja tangazo: CentOS Linux 8 itakwisha tarehe 31 Desemba 2021. Miaka minane ikawa mwaka mmoja na siku chache. Nguvu zote zingehamia CentOS Stream, ambayo haifuati nyuma ya RHEL bali hutangulia mbele yake kidogo, ikipokea mabadiliko yatakayoingia kwenye toleo dogo lijalo.

CentOS 7 haikuguswa. Iliachwa iendelee hadi Juni 2024 kama ilivyoahidiwa. Maana yake, ofisi iliyojibidiisha na kuhamia toleo jipya mapema ilipoteza msaada mwishoni mwa 2021, na ile iliyokaa inapiga miayo kwenye toleo la zamani ikapata miaka miwili na nusu zaidi. Kati ya yote yaliyotokea, hilo ndilo lililonikera kuliko mengine, kwa sababu kazi ya kumshawishi mkurugenzi akubali kuhama ni ngumu, na safari ile waliokubali ndio walioumia. Wafizikia nao waliumia: mwaka 2019 walikuwa wametangaza kwamba hawatatoa Scientific Linux 8, watatumia CentOS 8.

Niwe mkweli kwa CentOS Stream pia. Si takataka kama ilivyopewa sifa. Facebook, ambayo sasa ni Meta, inaiendeshea mashine zake. Lakini Meta wana wahandisi wa kerneli, kiini cha Linux, walioajiriwa. Saccos yenye kijana mmoja wa IT, ambaye huyohuyo ndiye anayebadilisha wino wa printa, haiwezi kuishi namna hiyo.

Ndani ya saa chache baada ya tangazo, Gregory Kurtzer alisema anaanza upya. Mfumo mpya akauita Rocky Linux, kwa kumbukumbu ya Rocky McGaugh, mwenzake wa siku za mwanzo za CentOS aliyefariki mapema. Upande mwingine, kampuni ya CloudLinux ya Igor Seletskiy, iliyokuwa na uzoefu wa miaka ya kujenga mifumo ya aina hii kwa ajili ya kampuni za kuhifadhi tovuti, ikaahidi dola milioni moja kwa mwaka na kuanzisha AlmaLinux. AlmaLinux ilitoka mwisho wa Machi 2021, Rocky ikafuata Juni. Red Hat nao Januari mwaka huohuo waliruhusu mtu kutumia RHEL bure kwenye mashine zisizozidi 16, hata zinazofanya kazi halisi. Kwa ofisi ndogo hiyo ni ofa ya maana na nimeshaitumia. Ila ni ofa, na mwenye kuitoa ndiye anayeweza kuiondoa.

Mwezi Juni 2023 ndio ulioonyesha tofauti za watoto hawa wawili. Red Hat walitangaza kwamba msimbo chanzo wa RHEL hautawekwa tena hadharani isipokuwa kupitia CentOS Stream. Wateja wanaolipa wangeendelea kuupata, lakini chini ya mkataba unaoweza kukatizwa mteja akiusambaza. Hoja yao ilikuwa kwamba anayejenga upya kazi ya mwingine bila kuongeza chochote anaumiza kampuni zinazolipa wahandisi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake: viraka vyote nilivyovitaja juu, vya Heartbleed na vingine, viliandikwa na watu wa mishahara, na sisi tulivila bure kwa miaka mingi.

Rocky walisema wataendelea kuwa nakala kamili, wakaeleza njia za kuupata msimbo bila kusaini mkataba ule: kwenye kontena (vifurushi vya mfumo vilivyo tayari kuendeshwa) zinazotolewa na Red Hat kwa umma, na kwenye mashine za wingu zinazokodishwa kwa saa. Agosti mwaka huo CIQ, kampuni ya Kurtzer inayouza msaada wa Rocky, ikaungana na Oracle na SUSE kuunda OpenELA, chombo cha kuutunza msimbo huo kwa pamoja. Oracle kwenye meza ya kutetea uhuru wa msimbo. Mzee mmoja wa fani hii aliniambia amefurahi kuishi kuiona siku hiyo.

AlmaLinux walichukua njia nyingine. Julai 2023 walisema hawatakimbizana tena na kufanana kwa kila kosa; kinachobaki ni ahadi kwamba programu iliyojengwa kwa ajili ya RHEL itaendesha kwao bila tatizo. Mwanzoni niliona wamekubali kushindwa. Baadaye niliona faida yake. Kwa kuwa hawalazimiki kuwa kivuli, wanaweza kurekebisha kosa kabla ya RHEL, na wanaweza kukataa uamuzi wa RHEL usiowafaa watu wao.

Uamuzi mmoja wa namna hiyo unatugusa moja kwa moja. RHEL 10, iliyotoka Mei 2025, inadai prosesa ya kiwango kinachoitwa x86-64-v3. Kwa lugha ya dukani, prosesa iwe na maelekezo ya AVX2, ambayo kwa Intel yalianza na kizazi cha Haswell mwaka 2013. Sasa tazama seva za mtumba zinazoingia kupitia Dubai na kuuzwa huku kwetu. Dell PowerEdge R720 ina Xeon E5-2600 ya kwanza au v2: haina AVX2. HP DL380p Gen8, vilevile. R730 na DL380 Gen9 zinayo. Ukiwa na mashine mkononi na hujui, andika `grep avx2 /proc/cpuinfo`. Isipojibu kitu, RHEL 10 haitawaka hapo, na Rocky 10 pia haitawaka kwa sababu inafuata kiwango kilekile. AlmaLinux 10 ilitoka na aina mbili, ya v3 na nyingine ya v2 kwa mashine za zamani, na vifurushi vya ziada vya EPEL wakavijenga upya kwa ajili ya hiyo ya v2. Kwenye matoleo ya nyuma pia walirudisha vidhibiti vya diski vya zamani ambavyo RHEL ilikuwa imeviondoa, vile vya RAID vilivyojaa kwenye seva za umri huo.

Kuna tahadhari: programu ya biashara iliyojengwa na kampuni ya nje kwa ajili ya RHEL 10 inaweza kutaka v3 hata kama mfumo wako ni v2. Na R720 inakula umeme. Lakini hospitali ya wilaya iliyopewa R720 na wafadhili haiulizi tunashauri nini kuhusu umeme, inauliza kama itawaka.

Kuhusu nani anashika hati, nimesoma nyaraka za wote wawili. AlmaLinux iko chini ya taasisi isiyo ya faida yenye wanachama, na bodi inachaguliwa kwa kura. CloudLinux iliyoianzisha ilikabidhi mali za mradi kwa taasisi hiyo. Rocky iko chini ya chombo kilichosajiliwa Marekani kama kampuni ya manufaa ya umma, Kurtzer akiwa mwanzilishi wake, huku akiongoza pia kampuni inayouza msaada. Simtuhumu kwa lolote, amefanya kwa ajili ya fani hii mengi kuliko mimi. Lakini kwa swali langu, nani anaweza kuufuta, najisikia salama zaidi penye kura. Desemba 2022 CERN na Fermilab, wale walioumia na CentOS 8, walitangaza kwamba AlmaLinux ndiyo itakuwa mfumo wa kawaida kwa majaribio ya kisayansi kwao.

Halafu ipo Debian, ambayo ingekuwa dharau kuiweka mwishoni kama nyongeza. Ian Murdock aliitangaza Agosti 1993. Ina Mkataba wa Kijamii tangu 1997 na katiba tangu 1998. Kila mwaka wanachama wanamchagua kiongozi, na kiongozi huyo hawezi kuamrisha mtu yeyote afanye kazi ya kiufundi asiyoitaka. Mali na fedha zinashikwa na taasisi kama Software in the Public Interest, ambayo haiwezi kumuuzia mtu mradi. Hakuna kampuni mama. Hakuna wa kumnunua. Mwaka 2016 mkutano wao wa mwaka, DebConf, ulifanyika Cape Town, ukiwa wa kwanza kuja Afrika.

Wanagombana hadharani, na ndivyo ninavyowapenda. Mwaka 2014 walivutana juu ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, mpaka wakapiga kura ya wanachama wote, na baadhi ya walioshindwa wakaondoka kuanzisha Devuan. Aliyeshindwa alijua alishindwa wapi na kwa kura ngapi. Linganisha na tangazo la Desemba 2020, lililotufikia likiwa limekwisha kuamuliwa.

Wasifikiriwe kuwa malaika. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL ndani ya Debian aliondoa mistari iliyokuwa ikisumbua programu ya kukagua memori. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta bahati nasibu kwenye kutengeneza funguo. Kwa karibu miaka miwili, hadi Mei 2008, funguo za SSH zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zilitoka kwenye kundi dogo mno: 32,767 tu kwa kila aina ya prosesa na ukubwa wa ufunguo. Mtu angeweza kuzijaribu zote kabla ya chakula cha mchana. Jamii haikuzuia kosa hilo. Aliyeligundua, Luciano Bello, alikuwa mwanajamii wa Debian, na taarifa ilitolewa wazi ikitaja hata namba ya kifurushi kilipoanzia.

Kasoro ya kweli ya Debian kwa ofisi ni muda. Toleo lake lina miaka mitatu ya kawaida na miwili ya nyongeza. Debian 12 ya Juni 2023 inafika Juni 2028. Ule muda wa nyongeza sehemu kubwa unafanywa na watu wanaolipwa kupitia kampuni ya Freexian, inayokusanya fedha kutoka kwa mashirika yanayotumia Debian. AlmaLinux 9 inakupa miaka kumi. Mtu atasema kuhama kutoka Debian moja kwenda nyingine ni rahisi, na ni kweli, nimefanya na kunywa chai papo hapo. Ila urahisi huo ni wa anayejua. Kwa mfumo ambao utaachiwa mtu mwingine nisiyemjua, miaka kumi ni miaka kumi.

Kwa hiyo mgawanyo wangu siku hizi ni huu. Penye tovuti, barua pepe, hifadhidata yetu wenyewe, au chochote tunachokijenga na kukielewa, naweka Debian. Penye programu ya muuzaji, ile ya mikopo au ya maabara, ambayo mkataba wake unasema "RHEL au inayolingana nayo," naweka AlmaLinux. Rocky naikuta kwa wateja na siiondoi, hakuna sababu. Wenye CentOS 7 hutumia ELevate ya AlmaLinux, inayokupandisha kutoka 7 hadi 8, kisha 9, kwa hatua, na ukiwa na nakala ya data iliyojaribiwa kurejeshwa. Nasisitiza iliyojaribiwa.

Kilichobaki ni jambo ninalolisukuma kwa muda sasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Tanzania ikawa ya kuvuta kwa kamba. Siku hizo seva zilizokuwa zikichota vifurushi kutoka Ulaya zilisubiri. Kituo cha TIX cha Dar es Salaam, ambako mitandao ya ndani hubadilishana trafiki, kilikuwa kinafanya kazi, trafiki ya ndani ilipita. Kilichokosekana ni nakala ya vifurushi iliyokaa upande wetu wa waya. Nakala ya AlmaLinux au Debian haihitaji makubwa: diski za terabaiti chache, laini nzuri, na mtu wa kuangalia kama usawazishaji wa kila siku umefanyika. AlmaLinux huwapa wanaohifadhi nakala zao uanachama kwenye taasisi, na uanachama una kura.

Nimekipelekea wazo hilo chuo kimoja chenye chumba kizuri cha seva na laini isiyotumika usiku. Wamelipenda. Wamesema ila lazima lipitie kamati ya manunuzi, ingawa hakuna kinachonunuliwa.